Kadi za Michoro: Wapinzani Wawili, Foleni Moja

Machi 2017, Nvidia ilipozindua GTX 1080 Ti, kadi ya michoro inayochora picha za gemu kwenye kompyuta, bei elekezi ilikuwa dola 699. Mchezaji wa gemu aliyekuwa nayo alikuwa amefika kileleni, labda awe na pesa za kuchezea kiasi cha kununua Titan, iliyokuwa ghali zaidi. Januari 2025 kadi ya kilele ya kampuni hiyohiyo, RTX 5090, ilitoka kwa dola 1,999. Mfumuko wa bei unaeleza sehemu ndogo tu ya safari hiyo, kwani dola 699 za 2017 ni sawa na kama dola 900 za 2025. Bado kuna dola elfu moja na ushei za kutolewa maelezo.

Maelezo yanayosikika zaidi ni mawili. La kwanza ni tamaa: Nvidia haina wa kuitisha, kwa hiyo inapanga bei inayotaka. La pili ndilo ambalo kampuni zenyewe hulipenda: chipu zimekuwa ghali kutengeneza. Septemba 2022, alipoulizwa kuhusu bei za kadi za RTX 40, mkuu wa Nvidia, Jensen Huang, alijibu kwamba Sheria ya Moore, ile ya transista (vijiswichi vidogo vya umeme) kwenye chipu kuongezeka maradufu kila baada ya miaka miwili hivi, imekufa na kwamba habari za chipu kuzidi kushuka bei ni za zamani. Yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hata ukiyajumlisha, hesabu haifungi. Kinachosahaulika ni kwamba hawa tunaowaita mahasimu, Nvidia na AMD, wanapanga foleni kwenye mlango mmoja, na kila mmoja wao ana bidhaa nyingine inayomlipa vizuri kuliko kadi ya gemu.

Tuanze na gharama, maana huko namba zinaongea.

Silikoni inagharimu kiasi gani?

Nvidia haina kiwanda cha chipu. AMD nayo haina. Viwanda vyake ilivitenga kuwa kampuni nyingine mwaka 2009. Wote wawili wanasanifu chipu, kisha wanapeleka kazi kwa TSMC ya Taiwan. Nvidia ilijaribu kukimbilia Samsung kwa kadi zake za RTX 30, lakini kizazi kilichofuata ikarudi kulekule. Chipu hutengenezwa juu ya sahani za silikoni zenye kipenyo cha milimita 300, na anayeagiza hununua sahani nzima. Chipu ikiwa kubwa, sahani inatoa chache, na kila moja inabeba sehemu kubwa zaidi ya gharama.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown walikadiria kwamba sahani ya teknolojia ya nanomita 16 (namba ikiwa ndogo, teknolojia ni mpya zaidi), ile iliyozaa GTX 1080 Ti, iligharimu kama dola 4,000, na ya nanomita 5 ikakaribia dola 17,000. RTX 4090, iliyotoka Oktoba 2022, ni ya ukoo huo wa nanomita 5. Chipu yake ina eneo la milimita za mraba 609 hivi na transista bilioni 76. Kwa ukubwa huo sahani moja inatoa chipu zipatazo 90. Gawanya, utapata karibu dola 190 kwa chipu, kabla ya kuondoa zenye kasoro. Chipu ya 1080 Ti, yenye milimita za mraba 471, kwa hesabu hiyohiyo inatoka kwa kama dola 34.

Hapo Huang ana hoja: silikoni imepanda zaidi ya mara tano. Ila acha kuhesabu kwa mara, hesabu kwa dola. Silikoni imeongeza kama dola 150 kwenye gharama ya kadi, wakati bei ya kadi imetoka 699 hadi 1,599, yaani dola 900 zaidi. Ongeza memori, iliyopanda kutoka gigabaiti 11 hadi 24. Ongeza feni na mapezi ya kupoza kadi inayokula wati 450 badala ya 250, pamoja na bodi nene ya kubeba umeme huo. Ongeza mishahara ya wahandisi wanaosanifu kitu chenye transista bilioni 76. Kuwa mkarimu kadiri upendavyo, bado kuna mamia ya dola ambayo gharama peke yake haiyaelezi. Na zile zenye kasoro hazitupwi ovyo: RTX 4090 yenyewe inatumia vitengo 128 kati ya 144 vilivyochorwa kwenye chipu, hivyo chipu yenye ulemavu kidogo inauzwa kama kawaida.

Ushahidi mwingine uko kwenye vitabu vya kampuni. Katika mwaka wa fedha ulioishia Januari 2016, faida ghafi ya Nvidia ilikuwa asilimia 56 ya mauzo. Ulioishia Januari 2025 ilikuwa asilimia 75. Hiyo ni ya kampuni nzima, na sehemu kubwa inatoka kwa wateja wasio wachezaji wa gemu, lakini mtu anayeumia kwa gharama za kiwanda huwa hanenepi namna hiyo.

Bei inaweza pia kupanda huku namba kwenye boksi ikitulia, au hata ikishuka. RTX 3060 ya mwaka 2021 ilitoka kwa dola 329 ikiwa na memori ya gigabaiti 12 na njia ya memori ya biti 192. RTX 4060 ya 2023 ilitoka kwa dola 299, na kwa mwenye haraka hilo ni punguzo. Ndani ya boksi memori imeshuka hadi gigabaiti 8, njia imebaki na biti 128, na chipu imepungua kutoka milimita za mraba 276 hadi 159. Ndiyo, teknolojia mpya inabana mengi mahali padogo, na 4060 ina kasi kuliko mtangulizi wake. Lakini kwa jina lilelile mnunuzi anapewa kipande kidogo zaidi cha silikoni.

Kuna wakati ujanja huu ulipitiliza. Septemba 2022 Nvidia ilitangaza kadi mbili zenye jina RTX 4080, moja ya gigabaiti 16 na nyingine ya gigabaiti 12 kwa dola 899, ilhali chipu zao zilikuwa tofauti kabisa. Kelele zikawa nyingi. Mwezi uliofuata kampuni ikaifuta ile ndogo kabla haijaingia sokoni, na Januari 2023 ikairudisha kwa jina la RTX 4070 Ti na bei ya dola 799. Dola mia moja ziliyeyuka kwa sababu ya jina tu, bila gharama yoyote ya kiwanda kubadilika.

Ushindani ulipokuwa ukiuma

Kuna wakati mnunuzi aliuona ushindani kwa macho. Juni 2008 Nvidia ilizindua GTX 280 kwa dola 649 na GTX 260 kwa dola 399. Siku chache baadaye AMD, iliyokuwa imeinunua ATI, kampuni ya kadi za michoro, mwaka 2006, ikaleta Radeon HD 4870 kwa dola 299, kadi iliyoweza kusimama na GTX 260 bila aibu. Wiki chache tu zikapita, GTX 280 ikateremshwa hadi dola 499 na GTX 260 hadi 299. Fikiria umenunua GTX 280 siku ya uzinduzi: dola 150 zimekwenda kabla hujalizoea boksi lake.

Mfano wa pili ni wa Julai 2019, na huu una vituko. AMD ilikuwa imetangaza RX 5700 XT kwa dola 449. Nvidia ikajibu kwa kadi zilizoboreshwa za RTX 2060 Super na 2070 Super, ya kwanza ikiwa dola 399. Siku mbili kabla ya uzinduzi AMD ikashusha bei yake hadi dola 399, na viongozi wake wakajigamba kwamba bei ya mwanzo ilikuwa mtego wa kumfanya mpinzani aoneshe karata zake. Kama ulikuwa mtego kweli au ni kujifariji baada ya kubanwa, kila mtu aamue mwenyewe. Mnunuzi alipata dola 50.

Angalia bei katika visa vyote viwili. Vita kali zaidi ilikuwa kati ya dola 200 na 500, na huko chini ya kilele ndiko ushindani ulikobaki hadi leo. Kwenye kilele kuna kampuni moja tu. Septemba 2024, Jack Huynh, anayesimamia kitengo cha kompyuta na michoro cha AMD, alisema wazi kwamba kwa sasa kampuni yake haikimbizani na kadi ya juu kabisa, inataka kwanza kuongeza idadi ya watu wanaotumia kadi zake. RTX 5090 ikatoka miezi michache baadaye bila mpinzani. Katika robo ya kwanza ya 2025, wafuatiliaji wa soko wa Jon Peddie Research waliikadiria Nvidia kuwa na zaidi ya asilimia 90 ya kadi za michoro zilizosafirishwa kwenda sokoni.

Sehemu ya ukuu huo si chipu hata kidogo, ni programu. Tangu 2007 Nvidia imekuwa ikijenga CUDA, mazingira ya kuandikia programu zinazokimbia kwenye kadi zake tu, na maabara nyingi zikazoea. Kwa wachezaji ikaja DLSS mwaka 2018, inayokuza picha kwa msaada wa akili mnemba; jibu la AMD, FSR, lilifika 2021. Mtu akilinganisha kadi mbili za bei moja, hizo ndizo sababu za kuchagua ya kijani, yaani ya Nvidia, hata kama ile nyekundu ya AMD ina fremu nyingi zaidi kwa sekunde. AMD inalijua hilo, na ndiyo maana hulazimika kuuza chini kidogo ya Nvidia. Lakini ni "chini kidogo" hiyo inayowaudhi wengi: badala ya kuvunja bei, AMD mara nyingi hutazama bei ya Nvidia, ikakata dola 50 au 100, ikatulia.

Kwa nini AMD haivunji bei?

Hapa ndipo foleni inapoingia. TSMC hutengeneza chipu za Nvidia, za AMD, za Apple na za wengine wengi. Uwezo wa mitambo yake ya kisasa hugawanywa kwa mikataba ya muda mrefu, na AMD ikishapata mgao wake ina kazi ya kuugawa tena ndani ya nyumba. Kuna chipu za seva za EPYC, zinazouzwa kwa maelfu ya dola kila moja huku silikoni yake ikikatwa katika vipande vidogo visivyopotea kirahisi kwa kasoro. Kuna Ryzen za kompyuta za kawaida. Kuna chipu za PlayStation 5 na Xbox Series, ambazo faida yake ni ndogo lakini wateja wake wamefunga mkataba. Kuna Instinct, chipu zake za akili mnemba. Radeon, kadi yake ya kuchezea gemu, inakula chipu moja kubwa, memori nyingi, na inamlipa AMD kidogo kuliko karibu vyote hivyo. Ukiwa meneja wa AMD na ukapewa sahani elfu moja za ziada, huwezi kuzipeleka Radeon halafu ukaeleweka kwenye kikao cha wanahisa.

Ndiyo maana naona lawama kwamba AMD "imekataa kushindana" zinakosea shabaha. Kuvunja bei kuna maana pale tu unapokuwa na mzigo wa kutosha kumnyang'anya mpinzani wateja. RX 9070 XT ilipotoka Machi 2025 kwa dola 599, huku RTX 5070 Ti iliyo jirani yake ikiwa dola 749, kwa kweli ilikuwa bei ya kishindo. Kadi za bei hiyo zikaisha upesi, na nyingi zilizobaki zilikuwa zimevuka dola 700. Tofauti ya dola 150 iliyotangazwa jukwaani ikamezwa na uhaba.

Kwa Nvidia pengo ni pana zaidi. Chipu ya H100, iliyowasha moto wa akili mnemba, imetengenezwa TSMC kwa teknolojia ileile iliyozaa RTX 4090, 4N ya ukoo wa nanomita 5. Ina milimita za mraba 814, hivyo sahani moja inatoa kama 60. Bei yake ilitajwa sokoni kuwa dola 25,000 na kuendelea. Kwa mkono mmoja, sahani ya dola milioni moja na nusu. Kwa mwingine, RTX 4090 tisini kwa bei elekezi, hazifiki dola 150,000, na hapo bado hujawagawia waunganishaji wa kadi na maduka chao.

Tahadhari hapa, maana wengi huruka moja kwa moja hadi hitimisho kwamba kila H100 imemnyima mchezaji kadi moja. Mwaka 2023 kilichokwama zaidi hakikuwa sahani; kilikuwa hatua ya kufunga chipu pamoja na memori yake ya kasi, inayoitwa CoWoS, ambayo kadi za gemu haziihitaji kabisa. Athari kwa mchezaji inapita njia nyingine. Katika mwaka wa fedha ulioishia Januari 2022, gemu ziliiingizia Nvidia dola bilioni 12.5 na vituo vya data bilioni 10.6. Miaka mitatu baadaye gemu zilikuwa bilioni 11.4, vituo vya data bilioni 115. Kampuni ambayo gemu si hata sehemu ya kumi ya mapato yake haikosi usingizi kadi zikikaa rafuni. Zamani robo mbaya ya mauzo ya gemu ilikuwa robo mbaya ya Nvidia, na bei zilishuka. Shinikizo hilo limeondoka.

Sarafu za kidijitali nazo zilichangia, ingawa habari yake ni fupi. Kati ya mwishoni mwa 2020 na 2022 wachimbaji wa Ethereum, waliotumia kadi za michoro kuizalisha sarafu hiyo, walinunua kadi kwa mafungu, RTX 3080 ya dola 699 ikauzwa mara mbili ya bei hiyo na zaidi. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikaacha uchimbaji, na soko likafurika kadi zilizotumika. Bei za madukani zikashuka. Lakini watengenezaji walikuwa wameshaona kwamba wapo watu wanaoweza kulipa dola 1,500 kwa kadi moja, na siku tano tu baada ya mabadiliko hayo Nvidia ikatangaza RTX 4090 kwa dola 1,599.

Waliobanwa katikati ni waunganishaji: Asus, MSI, Gigabyte na wenzao, wanaonunua chipu na kuijengea bodi, feni na boksi. Wao ndio wanaotarajiwa kuheshimu bei elekezi, huku bei ya chipu ikipangwa na mtu mwingine ambaye pia anauza kadi zake mwenyewe. Septemba 2022 EVGA, muunganishaji mkubwa wa kadi za Nvidia huko Marekani, ilijiondoa kwenye biashara hiyo moja kwa moja, ikilalamikia uhusiano wake na Nvidia. Waliobaki hujikimu kwa matoleo yenye feni kubwa, taa na kasi iliyoongezwa kidogo, na ndiyo maana kadi ya bei elekezi huwa ya kwanza kuisha na ya mwisho kurudi.

Gigabaiti nane

Mahali pazuri pa kuona ushindani ukifanya kazi na ukishindwa kwa pamoja ni kwenye memori. Mwaka 2023 Nvidia iliuza RTX 4060 Ti ya gigabaiti 8 kwa dola 399, na ileile yenye gigabaiti 16 kwa dola 499. Dola mia nzima kwa gigabaiti nane, wakati chipu za memori hizo zilikuwa zikiuzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Aprili 2025 RTX 5060 Ti ikaja kwa dola 379 na 429. Pengo likawa dola 50. Juni AMD ikaleta RX 9060 XT kwa dola 299 na 349, pengo lilelile. Ushindani umepunguza bei ya gigabaiti nane kwa nusu. Lakini hakuna kati yao aliyethubutu kuacha kabisa kutengeneza kadi ya gigabaiti 8, ingawa gemu mpya kadhaa zimeshaanza kuikwamia. Kadi yenye memori nyingi kwa bei ndogo humtamanisha hata mtu wa akili mnemba, na hakuna kampuni inayotaka mteja huyo ajihudumie kwenye rafu ya gemu.

Na memori yenyewe sasa ina foleni yake. Inatengenezwa hasa na kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na zote zinaelekeza mitambo yao kwenye memori za vituo vya data. Bei za memori zilipanda kwa kasi mwishoni mwa 2025, na Desemba Micron ikatangaza kuifunga Crucial, chapa yake ya wanunuzi wa kawaida. Pengo la dola 50 huenda lisidumu.

Amebaki Intel, aliyeingia sokoni mwaka 2022 na ambaye ndiye pekee aliyeonekana tayari kula hasara ili apate nafasi. Arc B580 yake ya Desemba 2024 ilitoka kwa dola 249 ikiwa na gigabaiti 12. Chipu yake ina milimita za mraba 272. Ya RTX 4060, mpinzani wake wa dola 299, ina 159. Intel ilikuwa ikitoa silikoni nyingi zaidi kwa pesa kidogo, na kichekesho ni kwamba, pamoja na viwanda vyake vyote, silikoni hiyo iliiagiza TSMC. Kisha Septemba 2025 Nvidia ikatangaza kuwekeza dola bilioni 5 katika hisa za Intel, na kwamba Intel itatengeneza chipu za kompyuta zenye michoro ya RTX ndani yake. Intel imesema Arc itaendelea. Atakayetaka kujua kama wapinzani bado ni watatu aangalie bei ya Arc ijayo, na idadi itakayofika madukani kwa bei hiyo.